Mbwa wetu hajui maana ya hodi

Shikamoo Mzee,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kuhusu ng'ombe na kuku wa watu, nikajiuliza kama mbwa naye anaruhusiwa humu. Kama haruhusiwi nisamehe, lakini nimefika mahali silali.

Tunakaa Goba, Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka kumi na sita, yaani mmoja kumi na mwingine sita, na binti anayetusaidia kazi. Mwaka jana wezi waliruka ukuta, wakang'oa pampu ya kisima na kuzoa nguo zote kwenye kamba, hadi sare za shule. Mume wangu akasema imetosha. Akaenda kwa mfanyakazi mwenzake Kimara, akarudi na kitoto cha mbwa cha miezi miwili, chotara wa Jamani Shepadi, masikio makubwa kuliko kichwa. Watoto wakampa jina Bosi. Mzee, jina limemkaa.

Alipokuwa mdogo alikuwa kipenzi cha kila mtu. Ukiingia getini anakuja mbio, anasimama kwa miguu ya nyuma, unambeba, mnacheka. Sasa ana miezi saba, akisimama miguu ya mbele inanifika kifuani, na bado anafanya vilevile. Fundi umeme alikataa kuingia. Binti yetu aliangushwa na beseni la nguo kichwani. Mtoto mdogo anang'atwang'atwa mikono na kuvutwa sketi. Damu haitoki, ila alama za meno zinabaki. Kuku wa jirani wa nyuma alifia mdomoni mwake, nikalipa elfu ishirini na tano bila ubishi. Geti likisahauliwa wazi, anawafukuza bodaboda mpaka kwenye kona.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonifanya niandike ni la Ijumaa tatu zilizopita. Jirani yetu wa kushoto ni mzee mstaafu, Mwislamu, mpole sana. Ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake saa nane za usiku mtoto alipobanwa na kifua. Siku hiyo alikuwa njiani kwenda msikitini, akapitia kwetu kuleta bakuli la kaimati alizotuma mkewe. Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Akabisha hodi, akasukuma. Bosi akamrukia: matope kwenye kanzu nyeupe, ulimi mpaka mkononi, bakuli likaanguka, na kabla sijafika kaimati zilikuwa zimekwisha na bakuli limelambwa likang'aa. Mzee hakupaza sauti. Alijitazama, akasema, "Mwanangu, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini," akageuka kurudi kwake. Mkewe aliniambia baadaye kwamba swala ya Ijumaa ilimpita. Tangu hapo wajukuu zake wakifika usawa wa geti letu wanavuka upande wa pili. Bakuli lao bado liko jikoni kwangu. Naona aibu kulirudisha.

Mume wangu anasema kosa letu ni kumdekeza. Akikosea anamchapa kwa kandambili, na amemfunga mnyororo chini ya mwembe tangu asubuhi hadi saa mbili usiku. Shemeji yangu naye ameshauri tumchanganyie pilipili kwenye chakula ili awe mkali "kwa kazi iliyomleta". Tangu afungwe anabweka mchana kutwa, na binti anamtupia vipande vya chapati ili anyamaze. Kuna kijana anayefundisha mbwa, anasema tumkabidhi Bosi mwezi mmoja, atamrudisha ameiva.

Je, miezi saba ni kuchelewa? Mbwa anaweza kuwa na adabu kwa wageni na bado akalinda? Au nimtafutie mtu mwenye shamba nimalize?

Mama wa wawili, Goba

*

Marahaba, mwanangu. Mbwa anaruhusiwa. Miaka yote niliyokuwa bwana mifugo niliitwa kwa ng'ombe mchana na kwa mbwa usiku, kwa sababu mtu haoni aibu kusema ng'ombe wake anaumwa, ila kwa mbwa anasubiri giza liingie.

Nianze na jirani yako, maana Bosi anaweza kungoja na mzee hawezi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa madrasa, kisha kazi ikanipeleka kwenye kushika mbwa. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na nguo au mkono uliopata ulimi wake hali ni hiyohiyo. Hapo kitambaa cha kujipangusa hakisaidii. Mzee alirudi nyumbani ana kanzu ya kufua, mkono wa kuosha, na muda wa swala unakwenda. Ukimwambia "pole, huyu anacheza tu" unakuwa hujaona kilichomtokea. Mimi nilifua kwa udongo mara nyingi kiasi kwamba mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ndoo ya udongo mlangoni kwa ajili yangu peke yangu.

Wala usidhani mzee ameudhika kwa sababu una mbwa. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba wanaruhusiwa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: Surat al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Wanazuoni wakaeleza huyo aliyefundishwa ni yupi: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, akikamata hali. Windo aliloliua mbwa asiye na sifa hizo haliliwi, labda liwahiwe lingali hai lichinjwe. Kwa hiyo mzee wako anajua tangu utotoni kwamba kuna mbwa na kuna mbwa aliyefunzwa. Kilichomrukia ni yule wa kwanza.

Sasa Bosi. Swali lako la kwanza ni kama amechelewa. Hajachelewa. Kuna kipindi kimempita, kile cha kati ya wiki tatu na miezi mitatu hivi, ambapo kitoto cha mbwa huzoea kitu chochote kwa urahisi: mwavuli, pikipiki, mtoto anayelia, mtu mwenye ndevu. Asichokutana nacho wakati ule humtisha baadaye na humchukua muda kukizoea. Lakini kujifunza nini afanye na nini asifanye, hilo mbwa hulifanya maisha yake yote. Miezi saba ni ujana tu. Mwili mkubwa, akili bado ya utoto, nguvu zisizo na pa kwenda. Watoto wako wakifika kidato cha pili utanikumbuka.

Na barua yako imeshajibu kwa nini anaruka. Alifundishwa. Alipokuwa wa miezi miwili kila aliyeingia getini alimlipa kwa kuruka: alibebwa, alichekewa, alisemeshwa. Hakuna aliyemwambia kwamba siku atakayofika kifuani kwako mkataba umebadilika. Tazama na mengine uliyoandika. Anabweka, chapati inaruka kutoka jikoni. Anamfukuza bodaboda, na bodaboda kweli anaondoka, kila siku, bila kukosa. Kwa hesabu ya Bosi yeye ndiye aliyemwondoa. Anamng'ata mtoto sketi, mtoto anapiga kelele na kukimbia, na hakuna mchezo mtamu kuliko huo. Mnamfunza kutwa nzima, nyinyi nyote watano na waendesha bodaboda wa Goba. Anashika kila somo, na mshahara anaupokea.

Kule Usa River, Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lina kituo cha kufunza mbwa wanaonusa meno ya tembo na pembe za faru zilizofichwa kwenye mizigo. Kazi nzito, magendo ya mamilioni ya shilingi. Mbwa analipwa nini akipata? Anarushiwa mpira, basi. Hanusi kwa kuogopa kandambili.

Hiyo kandambili naomba mume wako aivae miguuni. Simwambii kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa na fimbo. Nilikuwa na mbwa jike Korogwe, mwekundu, aliyekuwa ananguruma mtu akikaribia chakula chake. Nikamchapa kila aliponguruma, na kweli akaacha kunguruma. Nikajisifu. Baada ya miezi michache mtoto wa jirani akainama kuokota mpira karibu na sufuria, na yule mbwa akamng'ata mkono bila sauti, bila onyo, bila hata kuonyesha meno. Nilikuwa nimemwondolea kengele nikamwachia hofu. Tangu mwaka ule sijampiga mbwa kwa kunguruma. Akinguruma najua hana raha, nami natafuta kinachomkera.

Pilipili itampa maumivu ya tumbo na kuhara, na utasafisha wewe. Ukali unaouona kwa mbwa wa namna hiyo ni wa mgonjwa. Mnyororo wa kutwa nao humfanya mbwa awe kama mtu aliyefungiwa dirishani mbele ya soko: anaona kila kitu, hafikii chochote, hasira inapanda. Halafu mnamfungua saa mbili usiku mkitegemea awe mlinzi mwenye busara. Mjengeeni banda pale penye kivuli cha mwembe, lenye maji, upana wa kuzunguka na kujinyoosha, na ukuta wa mbao upande wa barabara asione kila anayepita. Kama fedha hakuna kwa sasa, vuteni waya kati ya miti miwili, kamba yake ipitishwe kwenye pete iteleze, apate angalau njia ya kwenda na kurudi. Na mtu amtembeze asubuhi kabla jua halijawa kali, nusu saa ya kunusanusa. Kwa mbwa kunusa ni kazi inayochosha kuliko mbio.

Baada ya hapo mfundisheni hodi.

Nimefundisha mbwa wengi neno hili na sijaliona likishindwa pale nyumba nzima ilipokubaliana. Mnunue dagaa wakavu wa Mwanza wasiotiwa chumvi, kikombe kimoja kwa siku, mpunguze ugali wake kidogo asinenepe. Au maini ya ng'ombe yaliyochemshwa, ukate vipande vidogo kama punje ya mahindi. Kisha tafuta gunia la katani, la zamani, ulikunje na kulitandika mahali penye kivuli anapoweza kuliona geti bila kulifikia. Hicho ndicho kiti chake cha ubosi.

Siku ya kwanza usimwamrishe kwa neno lolote. Kabla hajala, akiwa na njaa kidogo, tupia dagaa juu ya gunia. Ataenda. Miguu minne ikiwa juu yake, sema "sawa" kwa sauti ya kawaida, palepale, na umpe dagaa mwingine. "Sawa" hiyo ndiyo risiti yake. Ikichelewa hajui analipiwa nini. Mwite atoke, rudia. Mara kumi hivi, dakika tano, muache. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili au ya tatu utamwona anaenda gunini mwenyewe na kukutazama kama mtu anayesubiri chenji. Hapo uwe mgumu kidogo: lipa tu akikaa. Kumkalisha ni rahisi, unamshikia dagaa puani kisha unaupandisha mkono polepole juu ya kichwa chake kuelekea mgongoni. Kichwa kitafuata dagaa, makalio yatashuka yenyewe. Usimsukume kiuno.

Ndipo liingie neno. Sema "hodi", nyamaza kidogo, halafu muonyeshe gunia. Neno kwanza, mkono baadaye. Watu wengi hufanya vyote kwa pamoja na mbwa anaangalia mkono tu, neno halimwingii. Akiwa anaenda gunini kwa kusikia hodi peke yake, gonga geti kwa ndani huku ukisema hodi. Siku nyingine mtoto mkubwa agonge kutoka nje. Siku nyingine geti lifunguliwe kidogo, mtu asiingie. Akitoka gunini geti linafungwa, hakuna anayemgombeza, hakuna anayemsemesha. Akirudi na kukaa, linafunguliwa tena. Yeye mwenyewe atagundua kwamba makalio yake ndiyo ufunguo wa geti. Wakati wote huu awe na kamba ndefu iliyofungwa kwenye nguzo karibu na gunia, inayomtosha kulala na kugeuka lakini isiyomfikisha getini, ili akikosea asipate malipo ya kumfikia mgeni.

Na mkubaliane lugha. Nimeona nyumba ambayo baba anamwamrisha mbwa kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, na binti wa kazi kwa Kisukuma, halafu wanasema mbwa hana akili. Sijui nani alitudanganya kwamba mbwa ni mtu wa Uingereza. Neno moja la kukaa, moja la kuja, na hodi. Liandikeni kwenye karatasi mlibandike kwenye friji.

Nakuonya juu ya jambo moja. Mkiacha kumjali anaporuka, kwa siku kadhaa ataruka zaidi. Atabweka zaidi pia, chapati zikikoma. Hii ni desturi ya kila anayezoea kulipwa kisha mshahara ukakatika. Kwanza hugonga meza. Wengi hukata tamaa hapo hapo, na mmoja wao humtupia kipande "leo tu". Leo tu hiyo inamfundisha kwamba dakika ishirini za kubweka ndizo bei mpya. Ongea na binti kwa upole, maana ndiye anayeshinda na kelele hizo siku nzima. Mpe yeye kikombe cha dagaa na kazi rahisi: Bosi akinyamaza, hata kwa kupumua, anapewa. Kwa kawaida anayevunja utaratibu ni baba akirudi kazini, anataka kupokelewa. Mwambie apokelewe na mbwa aliyekaa.

Kuhusu meno na mtoto mdogo sitazunguka. Bosi kwa miezi saba ameshabadilisha meno. Yale ishirini na nane ya utoto yamekwenda na arobaini na mawili ya ukubwa yameshika mahali. Kwa hiyo hatafuni kwa sababu ya fizi kuwasha, anatafuna kwa mazoea na mchezo. Mfundishe mtoto kuwa mti: akikamatwa sketi anasimama wima, anakunja mikono kifuani, anatazama juu, kimya. Mti hauchezeki. Mpeni Bosi mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe wa kuguguna, msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vikali vya kutoboa utumbo. Msimpe kiatu chakavu pia. Yeye hajui tofauti ya kiatu chakavu na cha Jumapili. Na mtoto wa miaka sita asibaki peke yake na mbwa, hata mbwa malaika, hasa mbwa akiwa anakula.

Hujaniandikia kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Kama hajachanjwa, acha barua hii, peleka mbwa, kisha urudi uendelee kusoma. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka kadiri daktari wa mifugo atakavyokuandikia kwenye kadi. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yenu. Mtu akiumwa na mbwa, awe wenu au wa mtaani, hata jeraha likiwa la mkwaruzo, oshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza huu ugonjwa hauna tiba. Nimemwona mtu mmoja kwa macho yangu na sitaki kuandika zaidi.

Kuku na bodaboda vitachukua muda mrefu, kwa sababu kukimbiza kuko kwenye damu yake. Babu zake waliwekwa wachunge kondoo. Kuku muwatenge kwa wavu, hapo usitegemee mafunzo. Bodaboda, mshike kwa kamba mbali na barabara, umbali ambao anaiona pikipiki lakini bado anasikia jina lake. Akiitazama na kugeuka kwako, sawa, dagaa. Kila baada ya siku chache msogee hatua mbili tatu. Akianza kuvuta na kubweka mmesogea haraka mno, rudini nyuma. Na "njoo" iwe neno tukufu nyumbani kwenu. Akija, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kuua kuku, analipwa. Ukimwita ili umchape, au kila mara ili umfunge, kesho ukimwita atakutazama tu kwa mbali.

Yule kijana wa mwezi mmoja, sitasema ni mbaya, simjui. Ila mbwa akifunzwa na mtu mwingine humtii mtu huyo. Akirudi atakuta chapati zilezile na watoto walewale wanaokimbia. Kama mna fedha ya kumlipa, aje nyumbani awafundishe nyinyi, mkiangalia. Akitoa mnyororo wa kukaba shingo, mpe soda yake aende.

Umeuliza kama mwenye adabu atalinda. Mwanangu, mwizi habishi hodi. Mbwa anayebweka kutwa kwa kila mpita njia, majirani wameshazoea, usiku akibweka kwa haki hakuna atakayenyanyua kichwa kitandani. Bosi akijua kwamba hodi ni ya wageni na getini ni kwa wageni, anayeshuka ukutani saa tisa za usiku bila neno ataonekana kuwa kitu kigeni kabisa. Hilo halihitaji kufundishwa, damu ya Jamani inatosha. Usimpe mtu wa shamba. Atarukia watu wa shamba.

Usitarajie matokeo kabla ya mwezi. Mpaka siku hiyo geti lifungwe kwa komeo, na Ijumaa kuanzia saa tano asubuhi Bosi awe bandani hadi watu watoke msikitini. Akishakuwa anaenda gunini kwa ndugu, kwa mafundi na kwa muuza samaki, ndipo umwombe mzee, kama moyo wake utaridhia, asimame nje ya geti lililofungwa abishe hodi, asikie ukimya wenyewe.

Lakini bakuli lisingoje mwezi. Lioshe leo mara saba, ya kwanza kwa udongo safi uliokorogwa na maji, zinazobaki kwa maji matupu. Nendeni wewe na mume wako, jioni baada ya Magharibi, nguo mlizovaa zisiwe zimeguswa na Bosi. Mwambie mkewe umelioshaje. Yeye akitaka kulirudia ni juu yake, lakini atajua kwamba umeuliza. Na huo mwembe wenu, kama umezaa, lijaze embe. Bakuli la jirani halirudi tupu.